Kuthamini mchoro wa mandhari wa Florida wenye sahihi ya shaka

Michoro ya pwani ya Florida yenye minazi iliyoinamia maji, mawimbi yanayopasuka ufukweni na mikrismasi iliyojaa maua mekundu ilichorwa kwa maelfu kuanzia miaka ya 1950. Wachoraji walikuwa vijana Wamarekani weusi wa Fort Pierce na miji ya jirani. Ubaguzi uliwafungia milango ya majumba ya sanaa, na kazi iliyokuwa ikiwasubiri ni kuchuma machungwa. Alfred Hair, mwanafunzi wa mchoraji mzungu A. E. Backus, alichora bodi nyingi kwa mkupuo. Ziliingia kwenye buti la gari rangi ikiwa mbichi, zikauzwa kwa takriban dola 25 katika moteli na ofisi za kando ya barabara. Jina Highwaymen walipewa katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2004 wachoraji 26, akiwamo mwanamke mmoja tu, Mary Ann Carroll, waliingizwa katika orodha ya wasanii wa heshima wa jimbo hilo. Leo kazi za waliovuma huuzwa kwa maelfu ya dola, na sahihi za kughushi zimefuata bei hizo.

Uthamini huanzia mgongoni mwa picha. Nyingi zilichorwa kwenye bodi ya Upson, ubao mwepesi wa nyuzi za mbao uliotengenezwa kwa ajili ya kuta na dari, au kwenye ubao mgumu wa masonite. Fremu za awali zilikuwa mbao za urembo wa dari zilizopakwa rangi nyeupe na kuguswa dhahabu. Fremu hubadilishwa, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Muuzaji wa mtandaoni anayeonyesha uso wa picha tu, kisha akaita kila mnazi kazi ya Highwaymen, hastahili hata kujibiwa.

Penye uzito ni kwenye sahihi. Picha iliyomalizwa kwa muda mfupi hutiwa sahihi rangi ya chini ikiwa mbichi, na brashi ya jina huikokota rangi hiyo: herufi nyeusi juu ya mchanga huchafuka kwa rangi ya mchanga, na kingo zake hulainika. Jina lililoongezwa baada ya miaka halichanganyiki na chochote. Hukaa juu ya vumbi na vanishi, na penye ufa rangi yake huchuruzika ndani badala ya kupasuka pamoja na picha. Tochi imulike kutoka ubavuni, karibu sawa na uso wa ubao, na lenzi ya kukuza mara 10 ifuate kila herufi.

Mchoro mmoja aliouchunguza mwandishi wa makala haya ulikuwa ukiuzwa kama kazi ya Hair. Muuzaji alikataa katakata fremu ifunguliwe, akidai ingeharibu thamani, na mabishano yalichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Chini ya mwanga wa ubavuni jina lilionekana limekaa juu ya uchafu, safi mno kwa picha iliyofifia vile. Fremu ilipotoka hatimaye, ukingo wake ulikuwa umeficha sahihi nyingine, iliyokwaruzwa kwenye rangi mbichi: jina la mchoraji asiyekuwamo kati ya wale 26. Ilikuwa furaha kubwa. Mtu aliyeichora kweli, ambaye jina lake lilikuwa limefunikwa ili bei ipande, alirudishiwa kazi yake.

Bei ya kazi ya mchoraji wa aina hiyo hupatikana kwa kulinganisha picha za ukubwa, mada na hali inayokaribiana, kwa bei zilizolipwa mnadani, kamwe si zile zinazotajwa na wauzaji. Bodi iliyovimba kingo kwa unyevu hupunguza thamani sana. Kuisugua kwa maji na sabuni huongeza hasara, maana Upson hufyonza maji na matabaka yake huachana. Usafishaji ni kazi ya fundi wa kuhifadhi michoro, na gharama yake hutolewa kwenye makadirio kabla ya kutaja bei.