Ghala Tupu na Nyumba ya Mtumishi

Maandiko ya somo: 2 Wafalme 4:1–7, Nehemia 13:4–13, 1 Wakorintho 9:7–14



Somo la wiki hii ni gumu kwa mchungaji yeyote kulihubiri katika kanisa lake mwenyewe. Akisimama madhabahuni aseme kwake hakuna unga, tutasema ameanza kuombaomba. Akinyamaza, tutasema Mungu anamtunza. Kwa hivyo tumelitayarisha sisi wa mafundisho bila kumwuliza, na mchungaji wetu atalisoma siku moja na wewe.

Tuanze na yule mjane wa 2 Wafalme 4. Wengi tunaikumbuka hadithi hii kwa sababu ya mafuta. Tumeihubiri kwa mikesha, tumeiimba, tumeinua mikono tukidai mafuta yasikome. Lakini hebu rudi mstari wa kwanza usome polepole. Huyu mama hakuwa mke wa mlevi wala wa mcheza kamari. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Bwana, na Elisha mwenyewe alimjua hivyo. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mtumishi. Na mtumishi huyo alikufa na deni. Mwenye kumdai amefika mlangoni, na anachotaka ni vijana wawili wakawe watumwa wake.

Biblia haituambii marehemu alikopa kwa nini. Jambo ambalo hunishangaza zaidi ni kwamba Elisha pia hakuuliza. Sisi tungeuliza hilo kwanza: "Kwani alikuwa anafanyia nini pesa?" Elisha aliuliza mambo mawili tu, nikufanyie nini na una nini nyumbani.

Halafu ona deni lilikoenda. Halikuzikwa na mtumishi. Lilihamia kwa mama na watoto. Leo hakuna anayekuja kuchukua vijana wawe watumwa, lakini bado ni mama na watoto wanaolipa. Ni mtoto anayerudishwa nyumbani kwa karo huku darasa zima likijua ni mtoto wa pasta. Ni mama mchungaji anayechukua sukari kwa deni katika duka la mshirika wa kanisa lilelile, kisha Jumapili anaketi safu ya mbele akijua mwenye duka ameketi nyuma yake. Saa zingine watoto wa wachungaji wakikua na kuliacha kanisa tunasema ni shetani. Ni kweli shetani yupo, lakini watoto hawa pia wana macho, na wameona jinsi kanisa lilivyomtendea baba yao.

Sasa tupige hesabu. Chukua mfano wa kanisa la washiriki 60. Sadaka ya Jumapili ni shilingi 6,000, kwa hivyo wiki nne ni 24,000. Fungu la kumi la mwezi ni 16,000. Jumla 40,000, na ukitangaza kiasi hicho kanisani watu watasema amina. Lakini makao makuu yanachukua sehemu ya kumi, 4,000. Kodi ya ukumbi 10,000. Stima na maji 2,500. Spika na kinanda vilichukuliwa kwa mkopo, 7,000 kila mwezi. Mlinzi na wahubiri wageni, 5,000. Hapo umetumia 28,500, na zimebaki 11,500. Kama kanisa hili ni kama mengi, hiyo inayobaki ndiyo "ya mchungaji", ikibaki. Toa kodi ya vyumba viwili, 6,000. Sasa nyumba ya watu watano ina 5,500 za mwezi mzima. Gawanya kwa siku 30: shilingi 183 kwa siku, za chakula, nauli, sabuni, dawa na karo. Na huo ni mwezi ambao mvua haikunyesha Jumapili asubuhi.

Mtu atasema, hata sisi washiriki wengi tunaishi hivyo. Ni kweli, na hatusemi mchungaji aishi juu kuliko watu wake. Lakini kuna mizigo inayomfika yeye ambayo haitufiki sisi. Kukitokea matanga, jina la kwanza kwenye orodha ya mchango ni lake, na akiandika mia mbili, watu wanaona. Mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kupanda matatu kwenda, na haendi mikono mitupu. Mgeni aliyekosa pa kulala analetwa kwake. Kisha lazima avae suti, kwa maana mahali pengi tumejifundisha kwamba mtumishi anayeonekana maskini hana upako. Mafundisho hayo yametuumiza, na wa kwanza kuumia ni wachungaji wenyewe.

Tena hana payslip. Akienda benki kuomba mkopo wa karo, anaulizwa mshahara wake ni kiasi gani, na jibu la kweli ni "inategemea." Kwa hivyo anaingia kwenye mikopo ya simu. Hapa ningeomba tuelewane vizuri. Mtu akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yake inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Unamtumia mchungaji shilingi 500 za nauli aende hospitalini kumwombea mama yako. Kabla hata hajafungua ujumbe, zimeshakatwa. Na ikiwa kanisa linapokea sadaka kwa namba ya simu ya mchungaji mwenyewe, basi sadaka ya Bwana nayo inaweza kumezwa na deni la unga. Hakuna aliyeiba, lakini siku kamati itakapouliza hesabu, nani ataamini?

Twende kwa Nehemia. Aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji wameacha huduma, kila mmoja amekwenda shambani kwake, kwa sababu mafungu yao hayakuwa yametolewa. Angalia aliyekaripiwa. Nehemia hakuwafuata Walawi shambani kuwaambia hawana imani. Aliwageukia wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Kwake, Mlawi akishika jembe kwa sababu ya njaa, swali linawahusu waliotakiwa kumtunza. Watu wakaanza tena kuleta nafaka, divai na mafuta ghalani. Tunapolisoma Malaki 3:10 wakati wa sadaka, tukumbuke ghala linalotajwa pale lilikuwa la kazi gani. Chakula kilichowekwa nyumbani mwa Bwana kililiwa na watu, na watu hao walikuwa watumishi wake. Sisi tumeligeuza andiko hilo kuwa la madirisha ya mbinguni peke yake.

Lakini kuna jambo lingine katika sura hiyo, mistari ya 4 hadi 9, ambalo tunaliruka. Kile chumba kikubwa ambamo mafungu ya Walawi yaliwekwa, kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia. Huyu Tobia ni yuleyule aliyekuwa akiwapinga waliojenga ukuta. Mtu mkubwa, mwenye marafiki wakubwa. Chumba cha chakula cha watumishi kikawa makao yake. Nehemia alitupa nje vyombo vyake vyote, akaamuru vyumba visafishwe, akarudisha vitu vya nyumba ya Mungu.

Ghala tupu halikai tupu. Kanisa lisipomlisha mtumishi, atakuja mtu wa kumlisha, naye hatakuja bure. Saa zingine ni mshirika mmoja tajiri anayelipa kodi ya mchungaji kimyakimya, na kuanzia siku hiyo kuna dhambi moja ambayo haitahubiriwa katika kanisa hilo. Saa zingine ni mwanasiasa. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza pesa zilizotolewa na wanasiasa katika kanisa la Soweto zirudishwe. Wengi tuliongea juu ya siasa yake. Lakini ndani ya pesa hizo kulikuwa na shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadri. Nyumba ya mtumishi! Sisi Wapentekoste tusikae pembeni tukiangalia kama ni mambo ya Wakatoliki. Kabla ya kumlaumu mchungaji aliyempa mheshimiwa maikrofoni, tuulize ni nani mwingine alikuwa amejitolea kumjengea.

Mwaka 2020 ulituonyesha jambo hili waziwazi. Machi makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa Julai ilikuwa watu 100 na saa moja tu ya ibada. Mchungaji aliyekuwa akiishi kwa kikapu cha Jumapili alikaa miezi bila kikapu. Wengine waliingia kwa bodaboda, wengine mjengo, wengine wakarudi mashambani kama Walawi wale. Si aibu. Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na mchungaji mwenye kazi nyingine si nusu mchungaji. Lakini soma 1 Wakorintho 9 yote, usichague mstari. Paulo anatetea haki ya mtumishi kula kutokana na huduma, kwa mfano wa askari, mkulima na mchungaji wa mifugo, kisha anasema yeye binafsi ameiacha haki hiyo. Kuiacha ni uamuzi wake. Hakuandika kwamba kanisa limwachishe mwingine kwa nguvu.

Najua swali ambalo wengine wanalo. "Na wale wachungaji wanaojitajirisha kwa jina la Yesu?" Wapo, na Gehazi alikuwepo kabla yao, alimkimbilia Naamani kwa mavazi na fedha, akarudi na ukoma. Biblia haiwafichi. Lakini dawa ya Gehazi si kumwachisha kila mtumishi kula. Dawa ni uwazi. Samweli akiwa mzee alisimama mbele ya taifa akauliza ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, na watu wakashuhudia kwamba hakuchukua kitu cha mtu. Paulo naye, kwenye 2 Wakorintho 8, hakubali kubeba mchango peke yake. Mtumishi mwaminifu hulindwa na hesabu zilizo wazi kuliko anavyolindwa na sifa zetu.

Basi tufanyeje? Nehemia aliweka watu wanne juu ya ghala: kuhani Shelemia, mwandishi Sadoki, Pedaya wa Walawi, na Hanani kuwasaidia. Waliaminiwa, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Kwa hivyo namba ya sadaka iwe ya kanisa, na watia sahihi wawe zaidi ya mmoja. Kamati iketi na mchungaji na mama, ipange kiasi kinachojulikana, kiandikwe, kilipwe tarehe inayojulikana, kiwe kidogo au kikubwa. Elfu kumi na tano zinazokuja kila tarehe tano zinasaidia nyumba kuliko elfu arobaini zinazokuja mara moja kwa mwaka siku ya kumshukuru mchungaji. Siku hiyo ni nzuri, keki tunaipenda, lakini suti mpya haimlipi mwenye nyumba Jumatatu.

Bima ya afya isingoje mtu augue. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, asiye na mshahara wa kuandikwa hukadiriwa mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kanisa la watu 60 linashindwa na hilo? Na uzee pia unakuja. NSSF ina mpango wa Haba Haba wa watu wasio na ajira rasmi, wa kuanzia shilingi 25 kwa siku. Mchungaji wa miaka 40 tunayemwona ana nguvu leo atakuwa na 70 siku moja, na nyumba ya kanisa anayoishi atapewa mwingine.

Rudi kwenye hesabu yetu. Washiriki 60 wakiongeza kila mmoja shilingi 50 kwa wiki, ni 3,000. Kwa wiki nne ni 12,000. Zile 11,500 zilizobaki zinakuwa 23,500. Hatukuhitaji mheshimiwa. Hata yule mjane aliambiwa aende kwa majirani akaazime vyombo, tena vitupu, na visiwe vichache. Majirani hawakuombwa mafuta. Lakini mafuta yalisimama vyombo vilipokwisha, na baada ya kulipa deni kilichobaki kikawa cha kuwalisha yeye na wanawe.

Maswali ya ushirika wa nyumbani, Jumatano

Elisha hakuuliza mume yule alikopea nini. Je, kuna wakati ambapo kanisa linafaa kuuliza, na nani aulize?

Katika kanisa letu, nani anaijua hesabu ya mwezi uliopita? Kama ni mtu mmoja, soma tena Nehemia 13:13.

Kuna jambo lolote ambalo mchungaji wetu hawezi kutukemea kwa sababu ya pesa tunazompa, au tusizompa? Jibuni hili mama mchungaji akiwa hayupo, mtaongea kwa uhuru zaidi. Kisha mmoja wenu apite kwake kesho yake amwulize, kama Elisha, ana nini nyumbani.