Kituo cha Tunguu na aya ya sita ya Hujurat



Katika darsa yetu ya Kanengo nilipewa Surat al-Hujurat, aya ya 6, ile ya kuhakiki habari aletayo fasiki. Kwa mfano nikasema Wamarekani waliwahi kuweka makombora Unguja. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hayo umeyasoma wapi?" Sikuwa na jibu.

Nikaenda kusoma. Kilichokuwepo Tunguu ni kituo cha mawasiliano cha mradi wa Mercury, wa kwanza wa Marekani kupeleka watu anga za juu. NASA ilitawanya vituo duniani, nchi kavu na melini, ili chombo kikipotea kimoja kidakwe na kingine. Kikitoka Kano, Nigeria, kilidakwa Zanzibar, kisha na meli katika Bahari ya Hindi. Antena za Tunguu zilipokea sauti ya rubani pamoja na vipimo vya mwili wake na vya chombo.

John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alirushwa tarehe 20 Februari 1962. Nilipoigeuza kwa Hijria nikapata katikati ya Ramadhani 1381. Eneo la Unguja alilifikia kama nusu saa baada ya kuruka, jioni, watu wakisubiri adhana ya magharibi. Hilo lilinifurahisha mno.

Je, waliokipinga kituo walizua tu? La. Uingereza na Marekani zilikubaliana mwaka 1960, Zanzibar ikiwa bado chini ya himaya. Hizbu walikipinga. Roketi ya Atlas iliyombeba Glenn ilibuniwa iwe kombora la nyuklia, na wanaanga wote saba wa Mercury walikuwa marubani wa kijeshi. Shaka ilikuwa na msingi. Kusema makombora yapo Tunguu hakukuwa nao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na Aprili kikafungwa.

Wafasiri wengi wa aya hii hutaja kisa cha al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kuchukua zaka kwa Banu Mustaliq. Walitoka kumpokea, yeye akaogopa, akarudi kusema wamekataa. Nusura wapigwe vita. Watu aliwaona kweli. Alichoongeza ni hofu yake.

Nasi tunaijua hofu hiyo. Mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi wanaoishi nje warudi Dzaleka, nilisambaza ujumbe wa sauti uliosema malori yanafika Kanengo usiku uleule. Jirani yetu akauza friji na cherehani kwa bei ya kutupa kabla ya isha. Agizo lilikuwa la kweli. Malori usiku ule hayakuja.

Nimemwomba radhi jirani. Darsa ijayo naisoma aya ileile, na nimemwomba yule mzee akae mbele.