Bima ya Safari: Ijue Kabla ya Kufunga Begi

Kijitabu cha elimu kwa msafiri na familia yake

Kwa nini kijitabu hiki

Wengi wetu hukutana na bima ya safari kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya viambatisho vya viza: picha mbili, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, tiketi, bima. Basi tunaikata kama tunavyopiga picha ya pasipoti, mradi fomu ikamilike. Wakala anaulizwa bei tu. Karatasi moja inapelekwa ubalozini, na faili la masharti lenye kurasa nyingi linabaki kwenye barua pepe bila kufunguliwa.

Faili hilo ndilo bima yenyewe. Karatasi ya ubalozini inaonyesha kwamba umelipa ada. Masharti ndiyo yanayosema nani atalipa hospitali, kwa kiasi gani, na kwa sababu zipi atakataa. Kijitabu hiki kitakusaidia kuyasoma masharti hayo kabla ya kulipa, wakati bado unaweza kuchagua.

1. Bima hii inabeba nini

Bima ya safari ni mkataba wa muda mfupi, tangu siku unayoondoka hadi siku unayorudi. Kwa kawaida ina sehemu nne.

Matibabu ya dharura. Hii ndiyo roho ya bima ya safari. Inalipia ugonjwa wa ghafla au ajali ukiwa ugenini: daktari, vipimo, upasuaji, kulazwa. Kadi yako ya bima ya afya ya NHIF inakutibu hapa Tanzania. Ukiugua ghafla Ulaya au Marekani haitakusaidia.

Kurudishwa nyumbani. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti cha kawaida huhitaji machela ndani ya ndege, muuguzi wa kumsindikiza, wakati mwingine ndege ya wagonjwa. Sehemu hii pia hugharimia kusafirisha mwili iwapo msafiri atafariki. Walio na ndugu ughaibuni wanayajua makundi ya WhatsApp yanayofunguliwa usiku kuchangisha nauli ya marehemu: orodha ya majina, kiasi mbele ya kila jina, na ujumbe wa kukumbusha kila asubuhi. Hati yenye kipengele hiki ingeipunguzia familia mzigo huo, ikabaki na msiba wake tu.

Safari kuvurugika. Ukilazimika kuahirisha au kukatisha safari kwa sababu zilizotajwa kwenye mkataba, kama ugonjwa mkubwa au kifo cha mtu wa karibu, unafidiwa nauli na malipo ya hoteli yasiyorudishwa. Kubadili nia si sababu inayolipwa.

Mizigo na hati. Begi kupotea au kuchelewa, kuibiwa, kupoteza pasipoti. Ndiyo sehemu ambayo wateja huiulizia zaidi, ingawa hasara ya begi hailingani na bili ya chumba cha wagonjwa mahututi.

2. Kiwango kinachotosha

Anayekwenda nchi za Schengen kwa viza ya muda mfupi amewekewa kiwango na sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009: bima isipungue euro 30,000, itambulike katika nchi zote za Schengen, idumu siku zote za ziara, na ibebe matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo.

Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ramani. Nchi za Schengen ni 29, na Uingereza na Ireland hazimo. Bima iliyoandikwa “Schengen” haitakufaa ukipitia London kumsalimia shangazi. Mtego wa pili ni viza ya kuingia mara nyingi. Wakati wa kuomba, unaonyesha bima ya ziara ya kwanza tu. Ziara zinazofuata ni jukumu lako, na fomu uliyotia saini inasema hivyo. Wapo wanaorudi Ulaya mara ya pili wakiamini kwamba viza hai maana yake ni bima hai.

Euro 30,000 ni sakafu. Kwa homa au mkono uliovunjika inatosha. Kwa upasuaji wa moyo na wiki kadhaa za kulazwa inaweza kuisha mgonjwa akiwa bado kitandani. Anayekwenda Marekani, ambako hospitali ni ghali kupita kiasi, atafute kiwango kikubwa zaidi ya hicho, hata kama hakuna ofisa wa viza atakayemdai.

3. Ugonjwa uliokuwa nao kabla

Hapa ndipo madai mengi yanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuseme mama wa miaka 66 anatoka Tanga kwenda Hamburg kwa binti yake kumwona mjukuu. Ana shinikizo la damu, anameza dawa kila asubuhi, anajiona mzima. Kijana wake anamkatia bima ya bei ndogo kupitia simu. Kwenye swali la magonjwa anabonyeza “hapana”, kwa kuwa mama haumwi kitu. Wiki ya pili mama anapata kiharusi. Hospitali inampokea na kumtibu. Kampuni ya bima inaomba historia yake ya matibabu kutoka Tanga, inakuta miaka sita ya kliniki ya presha, inakataa kulipa. Bili inabaki kwa binti aliyemwalika.

Hapakuwa na nia ya kudanganya. Kilichotokea ni kwamba “mzima” ya nyumbani na “mzima” ya bima ni maneno mawili tofauti. Kwa bima, ugonjwa unaoutumia dawa ni ugonjwa, hata kama umetulia. Presha, kisukari, pumu, selimundu, VVU, saratani iliyokwisha kutibiwa: yote yataje. Kampuni inaweza kuongeza ada, kuweka kikomo maalumu, au kusema wazi kwamba ugonjwa huo haitaubeba. Majibu yote matatu ni afadhali kuliko kukataliwa ukiwa wodini. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Umri nao una uzito. Ada hupanda kwa wazee, na kampuni nyingine hupunguza kiwango cha malipo au hazikati kabisa kuanzia umri fulani. Andika tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye pasipoti.

4. Yale yasiyolipwa

Kila mkataba una ukurasa wa mambo ambayo kampuni haitayalipia. Anza kusoma hapo. Mara nyingi utakuta:

• Matibabu yaliyopangwa. Anayekwenda India kufanyiwa upasuaji hawezi kuulipia kwa bima ya safari.
• Ajali ukiwa umelewa, au ukiendesha pikipiki bila leseni au bila kofia ngumu.
• Ujauzito kuanzia wiki fulani, na kujifungua kwa kawaida.
• Kazi za mikono, iwapo ulikata bima ya utalii.
• Michezo ya hatari na kupanda milima zaidi ya kimo fulani. Wenye kampuni za utalii wakumbuke: kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro ni mita 5,895, na hati nyingi za kawaida hukoma chini ya hapo. Mwombe mgeni akuonyeshe kimo kilichoandikwa kabla ya kuanza kupanda.
• Maeneo ya vita, au nchi ambayo serikali imekwisha kuonya watu wasiende.

Angalia pia sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Tuseme umeibiwa simu ya shilingi 900,000. Mkataba unasema kitu kimoja hakizidi shilingi 600,000, na shilingi 150,000 za kwanza ni zako. Hesabu inaweza kuishia shilingi 450,000, nusu ya uliyotarajia, na kampuni haijavunja neno lake.

5. Begi likipotea, anza na shirika la ndege

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unalibana shirika la ndege kabla bima haijaguswa. Usiondoke uwanjani bila taarifa ya maandishi kutoka dawati la mizigo. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu lilipofika mkononi mwako. Lisipofika kabisa kwa siku 21, linahesabiwa limepotea. Ukomo wa fidia ni vipimo 1,519 vya fedha (SDR) vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwa abiria, takriban dola 2,000. Bima hujazia palipobaki, na itakudai taarifa ileile ya dawati la mizigo.

6. Wanaovuka mpaka kwa gari, na wanaopokea wageni

Bima ya gari ya nyumbani haivuki mpaka yenyewe. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kampala au Kigali kwa gari lako, ongeza Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni iliyokukatia bima ya gari. Kadi hiyo inabeba madhara utakayomsababishia mtu mwingine katika nchi unayopita. Gari lako likipondeka, hiyo ni habari nyingine: uliza kama bima yako kubwa imepanuliwa hadi huko.

Wenye nyumba za wageni Zanzibar wawakumbushe wageni mapema kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya Tanzania asiye mkazi anatakiwa kukata bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, inayodumu siku 92. Bima aliyotoka nayo kwao haimwondolei wajibu huo.

7. Maswali ya kumuuliza wakala

1. Matibabu yanalipiwa hadi kiasi gani, na kurudishwa nyumbani kumo ndani ya kiasi hicho au kumetengwa?
2. Kusafirisha mwili kumo?
3. Ugonjwa wangu huu umeandikwa? Nionyeshe mstari.
4. Kampuni inailipa hospitali moja kwa moja, au nalipa kwanza kisha narudishiwa?
5. Nchi zote ninazopitia zimo, pamoja na ninapobadilisha ndege?
6. Ndege ya kurudi ikiahirishwa siku mbili, bado nina bima?
7. Viza ikikataliwa, narudishiwa ada?

Wakala asiyeweza kujibu kwa kukuonyesha ukurasa hajakujibu. Kisha hakikisha kampuni ina leseni: Tanzania kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambayo mfumo wake wa TIRA MIS huhakiki hati, Kenya kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA).

8. Siku ya tatizo

Piga namba ya dharura iliyo kwenye hati kabla ya kulazwa. Ikishindikana, mara tu mgonjwa akiwa salama. Mikataba mingi huruhusu kampuni kupunguza au kukataa malipo isipoarifiwa mapema. Omba namba ya faili na uiandike. Tunza kila risiti, ripoti ya daktari na ya polisi, hata karatasi ya pasi ya kupandia ndege.

Madai yakikataliwa, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba kilichotumika. Usiporidhika, Tanzania nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kenya nenda IRA.

Mwisho, chapisha nakala mbili za hati. Moja iende na pasipoti. Nyingine mwachie mtu wa nyumbani, namba ya dharura ikiwa imezungushiwa kalamu nyekundu, kwa sababu siku ukiihitaji bima hii huenda wewe mwenyewe usiweze kuongea.