SOMO LA MWEZI: NYAYA ZA KENGELE YA GHALA



Mkarafuu hulelewa miaka mingi kabla haujazaa. Karafuu ikishachumwa, ikatengwa na makonyo yake na kuanikwa juani, huwekwa ghalani kungojea siku ya kupelekwa kituoni kuuzwa. Siku hizo chache ndizo za khatari khasa. Ndani ya magunia yale mna ujira wa wachumaji na ada ya skuli ya watoto, na mwizi huhitaji usiku mmoja tu. Kwa hiyo somo letu la leo ni nyaya za kengele ya wezi, kwani kengele nzuri iliyofungwa kwa waya mbaya ni sawa na mlinzi aliyelala.

1. Umeme upite daima

Kengele hii si jambo jipya. Mwaka 1853 Augustus Russell Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ambayo mlango ukifunguliwa, umeme huungana na kengele hulia. Lakini mpango wa namna hiyo una kasoro: mwizi akikata waya kwanza, kengele hukaa kimya.

Basi tuchague mpango ulio kinyume chake. Sumaku hutiwa mlangoni, na swichi yake hutiwa kwenye fremu. Mlango ukiwa umefungwa, umeme mdogo hupita daima. Mlango ukifunguliwa, umeme hukatika na kengele hulia. Waya ukikatwa, italia vile vile. Madirisha nayo yafuatane na mlango katika waya huo huo, mfano wa shanga katika uzi mmoja.

2. Unene wa waya

Swichi za milango hutumia umeme mdogo mno, kwa hiyo kebo nyembamba ya milimita mraba 0.22 yatosha. King'ora sivyo. Tuseme king'ora cha volti 12 kinachovuta ampia 1 kipo mita 30 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, yaani mita 60 za waya. Kwa waya wa 0.22 zitapotea njiani volti 4.7 hivi, na king'ora kitabakiwa na volti 7 tu na kidogo. Sauti yake itakuwa dhaifu, au hakitalia kabisa. Kwa waya wa 0.75 itapotea volti 1.4 tu. Tusifanye ubakhili hapo.

3. Shaba ya kweli

Dukani ziko nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Bei yake ni nafuu, lakini hukatika upesi na hupoteza umeme zaidi. Kwangua ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, iache. Kwetu visiwani, penye hewa ya chumvi, bora ni shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Nunua kebo yenye nyaya mbili zaidi ya haja yako. Mmoja ukiharibika, hutalazimika kuanza upya.

4. Kupitisha kebo

Kebo ipite ndani ya jengo, ndani ya bomba la plastiki, maana panya hutafuna. Isitiwe kamwe katika bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba, ambao waweza kuua. Zikienda sambamba, ziachane kiasi cha sentimita 30. Zikikutana, zipishane kama msalaba. Kebo inayotoka nje iachwe ishuke kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke yasiingie ndani.

Jitahidi kebo iwe moja bila maungio. Maungio ya kusokota kwa mkono huota kutu ya kijani. Umeme hukatikakatika, na kengele hulia usiku bila ya mwizi. Mwenyewe huchoka, akaizima. Usiku huo ndio mwizi auombao. Pakiwa hapana budi kuunga, unga kwa risasi ya moto, kisha funika ndani ya kisanduku.

5. Kujaribu

Jaribu kabla ya kupiga plasta. Fungua kila mlango na kila dirisha, kimoja kimoja. Kisha zima umeme wa nyumba uone kama betri inashika. Rudia kabla ya kila msimu wa kuchuma. Kazi ya umeme wa nyumba mwachie fundi mwenye leseni.

Maswali ya kujipima

1. Waya wa kengele yako ukikatwa leo, italia au itanyamaza?
2. King'ora chako kiko mita ngapi kutoka kwenye betri, na waya wake una unene gani?
3. Ni lini mara ya mwisho ulipoijaribu?

Asiyeweza kulijibu swali la kwanza, na aende akaangalie kabla ya gunia la kwanza kuingia ghalani. Tahadhari kabla ya khatari.