Dondoo muhimu: Matabaka na makundi kwa wachora mabango wa Tunduma

Bango la duka la Tunduma husomwa na wateja wa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia, kwa hiyo bei za shilingi na za kwacha zinaweza kukaa pamoja. Kwenye Inkscape, programu ya bure, fungua dirisha la matabaka (Ctrl+Shift+L) kabla hujachora chochote. Mandharinyuma yakae chini kabisa, picha juu yake, kisha maandishi. Bei za shilingi zipe tabaka lake, za kwacha lake. Kwacha ikipanda au kushuka, utagusa tabaka moja tu. Mengine yafunge kwa kufuli. Hapa ndipo muda mwingi unapookolewa.

Makundi ni ya vitu vinavyohama pamoja. Ukimaliza kuchora lori, chagua kichwa, tela na magurudumu, bonyeza Ctrl+G. Kubadili rangi ya gurudumu moja hakuhitaji kuvunja kundi: libofye mara mbili uingie ndani.

Kila tabaka lipe jina linaloeleweka.

Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, tengeneza nakala, kisha humo ugeuze maandishi kuwa mistari (Ctrl+Shift+C). Faili la asili lihifadhi, maana maandishi yaliyogeuzwa hayahaririki tena.