Mgeni njoo, mwenyeji apone: wajibu wa wenye hoteli kando ya mbuga

Ndugu viongozi, na ninyi ndugu zetu mliokimbia vita,

Mama aliyekimbia makwao akikamatwa na mzigo wa kuni pembeni ya mbuga, huuliza: «Mimi napikia watoto. Na ile hoteli ya watalii inapikia nini?» Wengine wanaona swali hilo ni matusi. Sisi tunaona ni swali la haki. Tulichunguze pamoja.

Tulikotoka

Mbuga ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliwekwa Kibumba, Kahindo, Katale na Mugunga, karibu sana na msitu. Hawakuwa na kitu cha kupikia ila miti. Mwaka ule ule UNESCO iliweka Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Tangu siku hizo, mkimbizi anaitwa adui wa msitu. Lakini si yeye aliyechagua mahali pa kambi, wala si yeye anayetajirika kwa makala. Mwezi wa 7 mwaka 2007, gorila wa milimani wa familia ya Rugendo walipigwa risasi na kufa. Uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makala. Basi lawama isibebwe na maskini peke yake. Anayepata faida kwa uzuri wa msitu naye ana deni.

Mwenye hoteli anadaiwa nini?

1. Moto. Hoteli inayochoma makala ya msituni inauza kwa mkono mmoja kile inachoharibu kwa mkono mwingine. Itumie gazi, umeme, au kuni za miti iliyopandwa, na ionyeshe inazinunua wapi.

2. Maji na uchafu. Kandokando ya Goma ardhi ni mawe ya volkeno. Maji machafu hupita upesi kwenda chini. Shimo la choo lisilojengwa vizuri linaweza kuchafua maji ya majirani. Plastiki na chupa zisitupwe porini.

3. Afya ya wanyama. Gorila huambukizwa magonjwa ya kifua na binadamu. Ndiyo maana ziara haipiti saa moja, na mgeni hapaswi kuwasogelea. Anayekohoa abaki hotelini, hata kama amelipa. Mwenye hoteli asimfiche mgonjwa kwa kuogopa kurudisha pesa.

4. Kazi. Vijana wa kijiji wapewe kazi na mafunzo, na mboga, maziwa na viazi vinunuliwe kwa majirani. Waliokimbia vita nao wasisahauliwe, maana kijana asiye na kazi huitwa upesi na wenye bunduki.

5. Faida. Rwanda ilianza mwaka 2005 kuwapa majirani wa mbuga 5% ya mapato ya utalii, na mwaka 2017 ikapandisha hadi 10%. Huko huko, hoteli ya Sabyinyo Silverback Lodge ni mali ya shirika la wanakijiji wenyewe, liitwalo SACOLA. Kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Sheria iko upande wenu

Viongozi, msitie mkono kwenye karatasi ya kutoa ardhi kwa haraka. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011 inadai kwamba mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara yake, na raia waulizwe. Ombeni kuona uchunguzi huo. Ombeni usomwe katika lugha ambayo watu wanaelewa, wanawake na waliokimbia wakiwepo.

Kumbukeni pia kwamba utalii ni kazi inayokimbia mlio wa risasi. Virunga ilifunga milango kwa watalii mwaka 2012, tena mwaka 2018, tena mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Mapatano mazuri yanaweka akiba kwa siku mbaya, ili milango ikifungwa wafanyakazi wasirudi kukata miti.

Tusisahau Batwa waliofukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970. Mbuga iliyowaacha wenyeji nje bila chochote iliacha kidonda ambacho mpaka leo hakijapona. Msitu unalindwa vizuri na jirani anayeshiba kwa sababu ya msitu.

Hatusemi kwamba kosa la hoteli linaturuhusu sisi kukata. Miti ikiisha, mvua na udongo vinatupotea sote, mwenyeji na mkimbizi. Tunasema tu kwamba mzigo ugawanywe kwa haki, kila mmoja kwa nguvu zake.

Maswali ya kujadiliana

- Katika eneo letu, nani anapata faida kwa msitu, na nani anabeba hasara?
- Tukikutana na mwenye hoteli kesho, tutamwomba jambo gani la kwanza? Nani atasema kwa niaba yetu?
- Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini mwezi huu: kujenga mbabula zinazotumia makala kidogo, au kupanda miti ya kuni?
- Wenyeji na waliokimbia wanagombania kuni wapi? Tuwakutanishe namna gani kabla ya ugomvi kuwaka?