Geti la Chuo na Chupa: Kijitabu kwa Wanafunzi wa Mabweni, Bagamoyo

Bagamoyo ni mji mdogo uliobeba vyuo vingi. TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, imekaa ufukweni kabisa. ADEM huwanoa viongozi wa shule, na kule Mbegani wapo wanafunzi wa uvuvi wa FETA. Vijana hutoka Kagera, Mbeya, Mtwara na Pemba, na kwa wengi bweni la hapa ndiyo mara ya kwanza kulala mbali na macho ya wazazi. Wapo waliolelewa katika nyumba ambazo pombe haijawahi kuvuka kizingiti. Wapo pia waliokulia kwenye ulanzi na mbege za sherehe za ukoo. Wote hao hupangwa chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini.

Jambo linalowachanganya wengi ni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamzuia mwenye baa kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Akishatimiza 18, nchi haimkatazi kununua bia. Lakini chuo kina sheria ndogo zake, na mwanafunzi amekubali kuzifuata alipojaza fomu za kujiunga. Kwa kawaida sheria hizo hukataza kuingiza pombe bwenini, kuiuza, na kulewa au kufanya fujo ndani ya eneo la chuo. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anayekutwa na chupa chini ya godoro hana kosa mbele ya polisi, ila anayo kesi mbele ya kamati ya nidhamu. Kauli ya "mimi ni mtu mzima" haimwokoi pale.

Na si kila aliye chuoni ametimiza 18. Anayeingia ngazi ya cheti mara tu baada ya kidato cha nne huenda ana miaka 17. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayemnunulia huyo kinywaji "kumkaribisha chuoni" anamtumbukiza kwenye ulevi mtu ambaye kisheria bado ni mtoto, hata kama huyo mtoto amemzidi kimo.

Anayeitwa kwenye kamati naye ana haki zake. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Aombe tuhuma kwa maandishi, aombe muda wa kujiandaa, na kama serikali ya wanafunzi ina mjumbe kwenye kamati, azungumze naye mapema. Adhabu inaweza kuwa onyo la maandishi, kuondolewa bwenini, kusimamishwa masomo au kufukuzwa kabisa. Kusimamishwa muhula mmoja kwa aliyelipiwa ada kwa kuuzwa ng'ombe wa familia ni pigo linalofika hadi kijijini.

Vipimo ndivyo vinavyowaponza wageni wa kinywaji. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi, na ini la mtu wa kawaida huhitaji saa mbili au zaidi kuimaliza. Konyagi ina asilimia 35. Chupa yake ndogo ya mililita 200 inabeba kilevi kinachokaribia cha bia tatu za namna hiyo, na kijana anaweza kuimaliza kabla wimbo haujaisha. Kahawa, maji baridi ya kuoga na supu ya pweza haviharakishi kazi ya ini hata kwa dakika moja.

Tembo la mnazi lina hila yake. Linapoteremshwa asubuhi ni tamu, karibu na maji ya sukari. Linaendelea kuchacha lenyewe ndani ya kibuyu, na la jioni si lile la asubuhi. Kijana wa bara anayelipima kwa ulimi hupima utamu tu, na utamu haumwambii kitu kuhusu ukali.

Gongo ni habari nyingine kabisa. Kulipika, kuliuza na kulinunua ni kosa la jinai, na hakuna anayejua kilichomo. Novemba 2000 jijini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haionekani kwa macho. Anayeanza kuona ukungu saa kadhaa baada ya kunywa anatakiwa awe hospitali, si kitandani. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017, sababu mojawapo ikiwa wanafunzi waliokuwa wakivificha mifukoni na kwenye mabegi ya shule.

Halafu kuna bahari. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa mtu hutembea mbali sana juu ya mchanga. Wakati wa bamvua yanaporudi, hurudi kwa kasi, na aliyelewa huchelewa kujua kwamba yamemzunguka. Mwanafunzi wa Mbegani anayepanda chombo alfajiri akiwa bado na kilevi cha usiku anahatarisha mabaharia wenzake wote. Barabarani, safari ya bodaboda kutoka kwenye muziki Mapinga au Kerege saa nane usiku, abiria watatu bila kofia, dereva naye amekunywa, ni hatari ambayo hakuna sheria ya bweni inayoweza kuifikia.

Kuna jingine ambalo wavulana hasa wanapaswa kulijua kabla ya sherehe yoyote. Chini ya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, ridhaa ya mwanamke aliyeleweshwa na mwanamume ili amwingilie si ridhaa. Huo ni ubakaji. Rafiki anayeona msichana anajaziwa glasi makusudi asikae kimya. Amtafute mwenzake wa chumba, wamwondoe pale.

Sasa usiku wenyewe wa ulevi bwenini. Mwanafunzi mmoja amezima, haamki hata akifinywa. Anapumua kwa kukoroma, chini ya mara nane kwa dakika. Midomo na kucha zimebadilika rangi, ngozi imepoa. Wanafunzi wengi humlaza chali, wamfunike shuka, wasubiri kukuche. Hapo ndipo mtu hufa, kwa matapishi yake mwenyewe au kwa pumzi kukatika, maana kilevi kilichobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata mnywaji akiwa amelala. Alazwe ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, mdomo ukielekea chini. Asipewe kitu mdomoni. Asiachwe peke yake. Aamshwe matroni au mlinzi wa getini, usafiri utafutwe, aende hospitali ya wilaya.

Kinachowazuia wanafunzi kuita msaada si ujinga. Wanaogopa kwamba kumwita matroni ni kumfukuzisha mwenzao, na kujifukuzisha wenyewe. Hofu hiyo ina msingi, na vyuo vyenyewe ndivyo vyenye uwezo wa kuiondoa. Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kilianza mwaka 2002 utaratibu wa kutomwadhibu kwa ulevi mgonjwa aliyeitiwa msaada, wala aliyeuita. Miito ya dharura iliongezeka. Vyuo vya Bagamoyo vinaweza kuandika kifungu kama hicho kwenye sheria ndogo zao, kwa Kiswahili kinachosomeka, na kukibandika kwenye mlango wa kila bweni. Kifungu hicho kisimkinge aliyepiga mtu, aliyebaka au aliyeuza gongo. Mgonjwa arudi kutoka hospitali, aonane na mshauri wa wanafunzi, na kama kunywa kumeshamshinda, apelekwe kwenye matibabu au soba hausi huku nafasi yake ya masomo ikitunzwa.